Je, Wajua? Ushanga wa Venice, Pembe za Bara

Je, wajua kwamba katika magofu ya Gedi, karibu na Watamu, kuna Nyumba ya Ushanga wa Venice? Waliolala humo hawakuiita hivyo. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1948, alizipa nyumba majina ya vitu vilivyofukuliwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Pesa za Kichina. Ni majina ya kivivu, ila ukiyasoma mfululizo umeshajua bidhaa zilizoshushwa pwani yetu kabla mji haujahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Ushanga ule ulianza safari yake huko Bahari ya Kati.

Msomaji wa Migwani, huku kwetu Kitui, aiangalie zaidi Nyumba ya Sanduku la Pembe. Shanga na vitambaa havikuja bure, na pembe za ndovu zilikuwa miongoni mwa malipo. Wakamba wanajitokeza wazi katika biashara hiyo karne ya 19, Gedi ikiwa kichaka tayari. Misafara yao ilibeba pembe kutoka Kitui hadi Mombasa, na mfanyabiashara wao mashuhuri, Kivoi wa Mwendwa, ndiye aliyempokea mmishonari Ludwig Krapf mwaka 1849. Tarehe 3 Desemba mwaka huo Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui. Vitabu humsifu Krapf. Aliyezijua njia ni Kivoi.

Je, wajua pia kwamba Gedi, pamoja na utajiri wake wote wa ng'ambo, haiko ufukweni? Imejificha msituni, kilomita kadhaa kutoka baharini. Wareno waliishi Malindi, mwendo wa saa chache kwa miguu, kwa miaka mingi ya karne ya 16, na maandishi yao hayautaji mji huu. Mji wenye msikiti mkuu, jumba la mfalme, vyoo vya ndani na ukuta kuuzunguka! UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2024.

Kwa nini watu waliondoka? Wapo wanaotaja vita, wapo wanaotaja Waoromo waliosogea kutoka kaskazini. Kirkman aliongeza sababu ambayo Migwani haihitaji kufafanuliwa: kisima kimoja kilionyesha kwamba kiliwahi kuchimbwa tena ili kuongezwa kina, maana maji yalikuwa yakishuka.