Tusiukumbuke mto siku ya msiba tu

Katika nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet, mito ni mingi hata watu husahau kwamba inaweza kuchafuka. Nyangores, Kipsonoi na Itare hushuka kutoka msitu wa Mau, nasi twaiona kama mali isiyokwisha. Ng'ombe hunyweshwa pale pale nguo zinapofuliwa. Magari huoshwa kivukoni. Mvua kubwa nayo huteremsha udongo, mbolea na uchafu wa vyoo hadi mtoni. Ni nadra kusikia mtu akilalamika.

Ugonjwa ukizuka, mioyo hugeuka. Mwaka 2015 kipindupindu kilizikumba kaunti kadhaa za Kenya, Bomet ikiwa mojawapo. Nyakati kama hizo, maji yaliyonywewa jana bila kuchemshwa huogopwa leo kama sumu. Dawa ya maji hutafutwa, vyoo hukaguliwa, mikutano huitishwa. Wagonjwa wakipungua, sufuria ya kuchemshia maji hurudishwa kupikia ugali, na mto huachiwa uchafu wake.

Hofu ina kasoro nyingine: humtafuta mkosaji wa mbali. Nyangores ikiungana na Amala huwa Mto Mara, ambao huvuka mpaka na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria huko Tanzania. Machi 2022, upande huo wa Tanzania, maji ya Mara yalibadilika rangi na samaki wakafa. Wengi waliishuku migodi. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilieleza kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mikojo ya ng'ombe pamoja na kuoza kwa mimea, mambo yaliyopunguza oksijeni majini. Maelezo hayo yalipokewa kwa mashaka makubwa, hata kwa kejeli.

Sisi tunaoishi karibu na chemchemi za mto huo tuna la kujifunza. Ripoti inayoandikwa baada ya samaki kufa haitoshi kuondoa shaka. Panahitajika pia kumbukumbu zilizowekwa mto ulipokuwa mtulivu, tena na watu ambao wanakijiji wanawajua na kuwaamini.

Ni nani wanaofaa kazi hii kuliko walimu na wanafunzi? Kila wiki, mwalimu achote maji mtoni kwa chupa angavu, ayaache yatulie darasani, kisha wanafunzi wapime tope lililotuama na kuandika rangi, harufu na kiasi cha mvua. Baada ya mwaka mmoja shule itakuwa na daftari la kuonyesha ni lini mto ulianza kubadilika, na hivyo ni lini wakuu waombwe kuyapeleka maji maabara. Wanafunzi wafundishwe pia kwamba maji maangavu yaweza kubeba viini vya kipindupindu visivyoonekana kwa macho. Kwa hiyo kuchemsha maji kusingoje tangazo la redio.

Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama. Ibara ya 69 nayo inamtaka kila mtu ashirikiane na wengine kuyalinda mazingira. Wakati wa msiba twaidai haki kwa sauti kubwa. Msiba ukipita, wajibu twauacha mlangoni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu umo mtoni, nao huonekana vyema zaidi siku ambazo hakuna anayeugua.