Anakukimbia Kwenye Mchezo? Usimfukuze, Mfungie Njia

Kila anayecheza michezo ya kupigana mtandaoni anamjua mtu huyu. Raundi inaanza, anakugonga ngumi moja ndogo, kisha anarudi nyuma. Unamfuata, anaruka. Unaruka na wewe, anapita chini yako. Unasimama upumue kidogo, anakurushia moto kutoka mwisho wa skrini. Saa ilianza 99, sasa iko 40, iko 20, iko 5, na yeye yuko mbele yako kwa damu kidogo tu. Ikigonga sifuri, raundi ni yake. Wewe unabaki na manete mkononi na hasira kichwani.

Hapa Goma hasara hiyo iko na bei. Mega umenunua kwa pesa yako ya mfukoni. Umeme unaweza kukatika kabla ya mechi inayofuata. Ile saa moja uliyoipata baada ya kazi au baada ya masomo imeishia kumfukuza mtu asiyetaka kupigana. Wengi tunamaliza kwa kumtukana na kuzima mashine.

Lakini anayekimbia anashindika, tena bila mikono ya haraka sana. Kinachotakiwa ni kuelewa nafasi. Mifano mingi hapa itatoka Street Fighter 6, mchezo uliotoka Juni 2023, kwa sababu unakubali hata PS4 na unaunganisha watu wa mashine tofauti. Mwenye Tekken au Mortal Kombat ataona kwamba mawazo ni yale yale.

1. ACHA KWANZA KUMWITA MWOGA

Wazee walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sheria ya mchezo inasema saa ikiisha, mwenye damu nyingi ndiye mshindi. Anayekimbia amesoma sheria hiyo vizuri. Hakuibii kitu.

Kuna watengenezaji walioamua kumwadhibu mkimbiaji. Katika Guilty Gear Strive, ukirudi nyuma mno unapata onyo, kisha mchezo unakunyang'anya nguvu ya mapigo yako makubwa. Street Fighter haina adhabu hiyo. Kwa hiyo usingojee refa, hayupo.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawalioni: anakimbia kwa sababu yuko mbele. Ukiwa mbele wewe, ni yeye anayelazimika kuja. Njo maana ile ngumi ndogo ya kwanza ina thamani kubwa kuliko damu iliyoiondoa. Sekunde kumi za mwanzo cheza kwa kujilinda kabisa, usimpe zawadi. Na ukipata uongozi, simama! Utaona watu wako mbele kwa damu na bado wanamfukuza mtu mpaka wanapigwa. Mwenye deni ndiye anayetembea.

2. KWA NINI MBIO HAZIFANYI KAZI MTANDAONI

Hapa tufanye hesabu ndogo. Mchezo wa kupigana unachora picha 60 kwa sekunde, na kila picha inaitwa fremu. Mtu wa kawaida, tangu jicho lione kitu mpaka kidole kibonyeze, anatumia karibu robo ya sekunde. Hiyo ni fremu 15.

Ongeza umbali. Taarifa ndani ya waya wa fibre inakwenda karibu kilometa 200,000 kwa sekunde. Kutoka Goma mpaka Paris ni zaidi ya kilometa 6,000 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni 12,000, yaani milisekunde 60, karibu fremu 4, hata kama waya ungenyooka kama rula. Na haunyooki. Unapita nchi hii na ile, halafu kipande cha mwisho ni simu yako inayogawa mega kwa mashine. Johannesburg iko chini ya kilometa 3,000, kwa hiyo mpinzani wa Afrika Kusini anaweza kukufaa kuliko wa Ulaya.

Michezo ya siku hizi inatumia mbinu inayoitwa rollback. Mashine yako haimngojei mpinzani, inakisia kwamba anaendelea kufanya kile alichokuwa anafanya, halafu taarifa ya kweli ikifika inasahihisha picha. Koneksio ikiwa nzuri huoni kitu. Ikiwa mbaya, unamwona amesimama chini, ghafla yuko hewani. Hakufanya uchawi. Aliruka zamani, habari ndiyo ilichelewa.

Kwa hiyo, mtu akiruka nyuma, ukimwona, ukaamua, ukakimbia, ngumi yako inafika mahali alipokuwa. Kumfukuza ni kucheza na picha ya zamani. Chagua vitendo ambavyo havingojei jicho lako: kutembea mbele, kukinga, kushika mahali. Mahali ulipopashika hapacheleweshwi na koneksio.

3. MFANO WA KUKU

Aliyewahi kutumwa kumkamata kuku wa wageni anajua somo hili. Ukimkimbilia, anakuzungusha kiwanja kizima na watoto wanacheka. Mwenye akili anafungua mikono, anatembea polepole, anamsukuma kuelekea kwenye kona ya ua. Haangalii kuku yuko wapi sasa, anaangalia atatokea wapi.

Skrini nayo ni ua. Ina mwisho pande mbili. Kila hatua mpinzani anayorudi nyuma ni ardhi aliyoiuza, na kuirudisha lazima akuruke au akupite. Basi fanya hivi:

Tembea mbele hatua mbili au tatu, simama, kinga. Tembea tena. Usikimbie na usiruke ovyo. Kuruka kunakuweka hewani zaidi ya nusu sekunde, na katika Street Fighter 6 huwezi kukinga ukiwa hewani. Mkimbiaji anaomba uruke. Ndiyo chakula chake.

Akirusha moto, kinga au tumia Drive Parry, ambayo inapokea moto bila kukutoa damu na inakurudishia nguvu ya Drive. Kipimo hicho kiko na vipande sita, na kinajaa haraka zaidi unapotembea mbele. Unaona? Mchezo wenyewe unamlipa anayesogea kwa utulivu.

Soma pia mhusika wake. Guile, kwa mfano, lazima ashikilie kurudi nyuma kwa muda kabla ya kurusha Sonic Boom. Akitembea mbele anapoteza maandalizi hayo. Kwa hiyo Guile anayetembea kuja kwako, kwa dakika hiyo, hana moto. Dhalsim anapiga kutoka mbali kwa mikono mirefu, lakini mkono ukinyooka unachelewa kurudi, na mkono wenyewe unaweza kupigwa. Kila mkimbiaji ana chombo anachokitegemea. Kijue, nusu ya kazi imeisha.

4. HESABU MILANGO YAKE

Mtu aliyebanwa karibu na kona ana milango minne hivi: kuruka juu yako, kupenya kwa pigo la kuteleza au la kupotea na kutokea, kupiga pigo la ghafla ili akusukume, au kukaa akinga. Huwezi kufunga yote kwa wakati mmoja. Lakini binadamu ana mazoea. Mara mbili za kwanza alipobanwa alifanya nini? Kama aliruka zote mbili, ya tatu ataruka tena.

Kwa hiyo raundi ya kwanza usiione kama vita tu, ione kama uchunguzi. Mbane, usipige kitu kikubwa, angalia anatokea mlango gani. Raundi ya pili simama kwenye mlango huo. Kama anaruka, baki umbali ambao akiruka anatua mbele ya ngumi yako ya kupiga juu, si nyuma ya mgongo wako. Ukisogea karibu mno anakupita. Umbali huo ndio siri, na kila mhusika ana wake. Utaupata kwa mazoezi, si kwa kusoma.

5. SOMO LA KINSHASA

Nchi yetu yenyewe iko na darasa la jambo hili. Tarehe 30 Oktoba 1974, karibu saa kumi ya usiku, uwanja wa 20 Mai, ambao leo ni Tata Raphaël, George Foreman alipanda ulingoni dhidi ya Muhammad Ali. Foreman alikuwa na miaka 25, mapambano 40, hajawahi kushindwa, na 37 kati ya hayo alimaliza kwa kumwangusha mtu. Joe Frazier na Ken Norton, wote wawili waliowahi kumshinda Ali, yeye aliwamaliza kila mmoja ndani ya raundi mbili.

Watu wote walitegemea Ali atacheza kwa miguu, akimbie, arushe ngumi ya mbali. Foreman alijiandaa kwa hilo. Kambini kwake alikuwemo Archie Moore, bingwa wa zamani, na kumkatia mtu ulingo ilikuwa kazi Foreman aliyoijua vizuri: hakufuata nyuma, alipiga hatua ya pembeni na kumfungia njia. Ali aliona mapema kwamba akiendelea kukimbia atachoka yeye kabla ya Foreman.

Basi akaacha kukimbia. Akaegemea kamba, akafunika uso kwa mikono, akamwacha Foreman apige. Foreman akapiga, akapiga, ngumi nyingi zikiishia kwenye mikono na mbavu. Kufikia raundi ya nane mikono yake ilikuwa mizito. Ali akatoka kwenye kamba na mfululizo wa ngumi, na Foreman akaenda chini.

Watu wanapenda kusimulia ujanja wa Ali. Kwa mada yetu, mtazame Foreman. Sehemu ya kwanza ya kazi aliifanya sawa kabisa: alimfungia mkimbiaji njia. Sehemu ya pili ilimshinda. Alipompata mtu wake kwenye kamba, alidhani kazi imekwisha, akamwaga nguvu yote juu ya kinga.

6. UKIMFIKISHA KONA, TULIA

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteza. Tumetembea sekunde 40 kwa subira, kuku yuko konani, ghafla vidole vinapata wazimu. Tunabonyeza kila kitu, yeye anakinga, anapata nafasi, anatoka. Tunarudi mwanzo wa safari.

Kona ni mtaji, usiutumie wote siku moja. Piga pigo fupi na salama, simama, angalia. Akikaa anakinga tu, mkamate umtupe, kwa sababu kinga haizuii kukamatwa. Akianza kuogopa kukamatwa atabonyeza kitu au ataruka, na hapo unakinga na kumwadhibu. Katika Street Fighter 6 iko pia Drive Impact: mtu aliyeko konani, hata akiikinga, anagonga ukuta na kubaki wazi. Na kama nguvu yake ya Drive imeisha kabisa, anapoteza fahamu kwa muda. Lakini usiitumie kila saa, kwa sababu anayeingoja anarudisha ya kwake na wewe ndiwe unayeumia.

Baada ya kumwangusha, usiruke kushangilia juu yake. Baki kwenye umbali unaofunga mlango wake wa kupenda. Mpige mara tatu kwa utulivu konani, na ule uongozi wake wa ngumi ndogo umeshayeyuka. Sasa saa inafanya kazi kwa ajili yako.

7. MAZOEZI KWA HALI YETU

Si lazima ule mega ili uwe mzuri. Sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika bila mtandao.

Ingia sehemu ya mazoezi, rekodi mhusika wa mashine akirusha moto mara mbili kisha akiruka nyuma, au moto kisha kuruka mbele. Acha arudie kwa mchanganyiko. Wewe tembea, kinga, mfikishe kona bila kuruka hata mara moja. Dakika 15 zinatosha.

Kisha mwalike rafiki, kaka au dada mmoja mwenye manete yake, mwambie kazi yake ni kukimbia tu. Mkibadilishana, utajua kukimbia kunauma wapi, na utajua mkimbiaji anaogopa nini. Arslan Ash, kijana wa Lahore, Pakistani, alikulia kwenye kumbi za michezo za mji wake akicheza na watu waliokaa kando yake. Mwaka 2019 alishinda Tekken 7 kwenye EVO Japan mwezi wa pili na EVO ya Las Vegas mwezi wa nane, na alisifiwa sana kwa kujilinda na kuadhibu makosa. Aliwaambia waandishi kwamba kwao kuna wengine wakali kama yeye. Dunia haikuwajua kwa sababu hawakuwa na njia ya kusafiri.

Siku ya mtandao, tazama alama ya koneksio kabla ya kukubali mpinzani. Street Fighter 6 inaionyesha, na inaonyesha kama anatumia waya au Wi-Fi. Alama ikiwa mbaya, kataa bila aibu. Weka simu inayogawa mega karibu na mashine, na programu nyingine za simu zizime.

Jaribu wiki moja na sheria moja tu: kwenye mechi zako kumi zinazofuata, usiruke mbele kumfuata mtu anayerudi nyuma. Utapoteza mbili tatu za kwanza, kwa sababu mwili umezoea mbio. Lakini andika kila raundi: saa ilikuwa ngapi alipofika kona, na alitokea mlango gani. Mechi ya kumi ikifika, utakuwa na orodha ya milango yao, na wao bado hawajui kama unawahesabu.