Maua ya mukuba: ulizeni mbele ya bulldoza kupanda kilima

Mutu yeyote aliyefanya kazi kwa vilima vya Fungurume, Kambove ao Kolwezi anajua ile picha. Chini kuko pori la miti mirefu. Juu ya kilima chenyewe miti inakataa, kunabaki majani mafupi na maua. Sababu iko ndani ya udongo. Mukuba na kobalti ni nyingi sana mule, zinaua mizizi. Mimea iliyozoea ile sumu njo inaishi pale.

Mababu walijua kufua mukuba zamani sana, mbele ya Union Minière kuzaliwa katika mwaka 1906. Ua moja la bluu, wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense, linaota mpaka pale walikuwa wanayeyusha mawe, na wachunguzi wa mambo ya kale walilifuata ili kukuta mabaki ya tanuru zao. Wajeologi nao walifuata maua haya. Yalionyesha mali, na sasa kuchimba mali kunayamaliza.

Kati ya Kolwezi na Lubumbashi, kilometa karibu 300, kuko vilima vya mukuba zaidi ya 100. Aina kama 30 hivi za mimea haziote pengine duniani, ila kwa udongo huu wa kwetu. Zingine ziko kwa vilima vichache tu. Kilima kikiondoka, na zenyewe zinaondoka.

Najua ndugu wengine watauliza: sendika inatafuta nini kwa mambo ya maua? Maua hailipe masomo ya watoto. Basi muende Penga Penga, hapa Lubumbashi, upande moshi wa usine uliangukia miaka na miaka. Udongo ulibaki mtupu, na kiangazi upepo unabeba vumbi. Watafiti wa UNILU walijaribu pale majani madogo yanayoitwa Microchloa altera, wakichanganya udongo na chokaa na mbolea, na yalishika. Majani hayo yanatoka kwa udongo wa mukuba. Mbegu yake haiuzwe sokoni. Siku mine itafungwa na marundo ya taka yatabaki karibu na nyumba zetu, tutafunika na nini kama vilima vyote vimekwisha kukwanguliwa?

Na yote inaamuliwa siku ya kwanza. Mashini ya kwanza kupanda inaondoa udongo wa juu, kule kunalala mbegu na mizizi. Ukifukiwa chini ya mawe ya taka, kwisha. Ukiwekwa pembeni na kutandazwa kwa wakati, sehemu inaota tena. Fungurume, wataalamu wa UNILU na wa Gembloux, Ubelgiji, walihamisha mpaka vipande vizima vya udongo pamoja na mimea yake, na kukusanya mbegu. Lakini si kila aina inakubali kuhamishwa. Haya si maua ya bustani ya direktere, ya kumwagilia asubuhi na magaribi; mengine bila mukuba hayaishi. Kwa hiyo vilima vingine lazima viachwe vizima.

Hapa njo kuko ugumu, na sitaficha. Kilima kilichoachwa ni kazi iliyoachwa. Na si kampuni peke yake inaharibu: ndugu zetu ba-creuseur nao wanageuza vilima juu chini, sababu ya njaa. Kwangu mimi, tuanze na vilima vidogo, vyenye mukuba kidogo, ambavyo faida yake ni ndogo kwa kampuni na kubwa kwa mbegu. Na kazi ya kukusanya mbegu na kutunza pépinière ipewe vijana na ba mama wa vijiji vya pale, kwa mushahara wa kweli.

Sheria inatupa nguvu. Code minier ya 2002, iliyobadilishwa mwezi wa tatu 2018, inaomba etude ya mazingira na mpango wa kurudisha udongo, pamoja na garanti ya feza. Musitosheke na picha za maua ndani ya kitabu cha kampuni. Ombeni waonyeshe rundo la udongo wa juu: liko wapi, litatandazwa lini. Wenye kuendesha bulldoza ni sisi, tunaona kwa macho.

Mbegu nyingi zinaiva mvua ikiisha. Kama kilima chenu kiko kwa programu ya mwaka huu, delege wenu aulize mbele ya mwezi wa tano, na jibu liandikwe ndani ya pévé ya mkutano.