Binti yetu amefika Bulaya: mama afanye nini?



Siku ya kumsindikiza mtoto tunaijua wote. Kuna maombi, kuna chakula, kuna kikwembe kipya, na wajomba wanatoa mashauri mpaka usiku. Lakini siku zinazofuata hatuzizungumzi sana. Binti amefika Ujerumani kwa mwaka mmoja wa kazi ya kujitolea ya kanisa, na mama amebaki na telefone mkononi. Leo tunataka kuongea juu ya miezi ile ya kwanza, kwa sababu tumeona kwamba mambo mengi yanayomtuliza mtoto kule, au yanayomvunja moyo, yanatoka huku nyumbani kwetu.

Huu ni mwaka wa namna gani?

Kanisa la CBCA, lenye makao yake makuu Goma, ni mshiriki wa Vereinte Evangelische Mission (VEM), umoja wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani wenye ofisi kuu katika mji wa Wuppertal. Tangu 1996 makanisa hayo yanakaa kama ndugu walio sawa. Si Wazungu peke yao wanaotuma na sisi tunapokea tu. Ndiyo sababu vijana wa Ujerumani wanakuja kwetu, na vijana wetu wanakwenda kwao.

Wengi wa vijana hao wanatumika chini ya utaratibu wa serikali ya Ujerumani unaoitwa Bundesfreiwilligendienst, ulioanza 2011. Tuueleze kwa maneno rahisi. Kijana anapewa pa kulala, chakula au feza ya chakula, bima ya ugonjwa, na feza kidogo ya mfukoni. Anapata pia siku 25 za mafunzo ndani ya mwaka, pamoja na wenzake. Mshahara hakuna. Ile feza ya mfukoni ni ya sabuni, ya telefone, ya matembezi madogo na rafiki. Familia isiyolielewa neno hili mapema itakaa ikihesabu feza ambayo haipo.

Jembe siku ya tatu

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kule jembe linakuja upesi. Mmoja anapelekwa kwenye shule ya watoto wadogo, mwingine kwenye nyumba ya wazee, mwingine kwa watu wenye ulemavu. Anatumika siku nzima kama wafanyakazi wengine, na saa ya kuanza ni saa ya kuanza kweli, haingojei mtu.

Kwetu bibi anazeeka nyumbani katikati ya wajukuu. Binti anapokuta wazee wengi wanalishwa na kuogeshwa na watu wasio wa ukoo wao, anaweza kulia na kuuliza watoto wao wako wapi. Tusiharakishe kumjibu kwamba Wazungu hawana upendo. Tumwambie atazame kwanza. Nani anakuja kumwamkia mzee huyu siku ya Yenga? Huyu anayemwogesha, anamwogesha kwa mikono ya namna gani? Majibu atakayoyapata yeye mwenyewe yatamfundisha kuliko hukumu yetu ya mbali.

Kuna pia mahali panapoitwa Bethel, katika mji wa Bielefeld. Kazi ya pale ilianza 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa, na leo Bethel ni mshiriki wa VEM. Sisi walimu jambo hili linatugusa. Katika madarasa yetu bado kuna mtoto anayeondolewa shuleni kwa sababu alianguka kifafa mbele ya wenzake, na watu wanaogopa povu lake kana kwamba linaambukiza. Kifafa hakiambukizi kwa povu. Binti aliyekaa na watu wenye kifafa, akala nao meza moja, anaweza kurudi na kutufungua macho.

Giza, baridi na kimya

Sisi tunakaa karibu na ikweta, mchana wetu na usiku wetu vinakaribia kulingana mwaka mzima. Kule, mwezi wa kumi na mbili, jua linatoka karibu saa mbili na nusu ya asubuhi na linatua saa kumi na dakika chache. Binti anakwenda kazini gizani, anarudi gizani. Jirani yake anapita bila kusalimu. Siku ya Yenga maduka yamefungwa, na kanisani anakuta watu wachache, wengi wao wazee. Lugha haijashika vizuri, na kucheka wengine wanapocheka bila kuelewa kunachosha.

Hapo ndipo simu inakuja: «Mama, nataka kurudi.»

Mama asimkemee, wala asianze kutafuta tikiti. Amsikilize mpaka mwisho. Kisha amwulize: umekula? umelala? kuna nani karibu nawe unayeweza kumwambia haya? Kila kijana ana mtu aliyewekwa kumsindikiza katika mwaka wake. Tumtie moyo amwendee huyo. Lakini kama mtoto anasema anatendewa vibaya, hilo si jambo la kuvumilia. Mama aende kwa wakubwa wa kanisa waliomtuma, siku ileile.

Mambo madogo yanayosaidia

Saa. Tangu mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, saa ya Ujerumani ni sawa na ya Goma, Bukavu na Lubumbashi. Kisha wao wanarudisha saa moja nyuma. Kwetu ikiwa saa mbili ya usiku, kwao ni saa moja. Chagueni siku moja ya juma ya kuongea, na kuishika. Simu ya kila saa inamfanya mtoto aishi kwenye telefone badala ya kuishi alipo.

Mzigo. Jibini la Masisi ni tamu, lakini nyama na vyakula vya maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia Ulaya katika mizigo ya msafiri. Vinatupwa uwanja wa ndege. Afadhali sweta nzuri, kikwembe, na picha za nyumbani.

Feza. Mama mmoja wa kikundi chetu aliona binti yake ameacha kujibu simu. Alipochunguza, akakuta wajomba wawili na binamu wanamwandikia usiku: mmoja anataka moto, mwingine anataka karo ya shule. Mama huyo aliwaita wote nyumbani, akawapikia sombe na sambaza, walipokwisha kula akasema: «Mtoto wangu hakwenda kuchuma, alikwenda kutumika. Mwenye shida aje kwangu.» Siku ya Yenga iliyofuata simu ilijibiwa.

Mwaka utakwisha

Mwaka ukiisha, binti atarudi. Tuliseme wazi tangu sasa, maana kuna wanaomnong'oneza mtoto abaki kule kwa kujificha. Anayejificha anaishi bila karatasi na bila bima, na anawafungia mlango wadogo zake wanaongoja zamu yao.

Siku akirudi, tusimwulize kwanza amebeba nini. Tumwulize amewatunza nani.

Kwa mikutano ya juma hili, tunaomba vikundi viongee juu ya maswali haya: katika familia zetu, nani atasimama kumlinda mtoto aliye mbali na maombi ya feza? Na sisi wenyewe, kijana Mjerumani aliyetumwa kwetu mwaka mmoja, nani amemkaribisha nyumbani kula bugali?