Binti Anataka Kuunda Ndege: Tumpeleke Chuo Gani?

Ipo siku mwanao atakaa mezani, chakula kikiwa bado cha moto, naye atakuambia jambo ambalo hukulitegemea kabisa. Kwetu ilikuwa jioni ya Jumapili. Binti yetu, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, alitueleza kwamba hataki udaktari. Anataka kusomea uhandisi wa ndege na vyombo vya anga za juu. Baba yake aliweka kijiko chini. Mimi nikauliza swali ambalo akina mama wengi wangeuliza: "Yaani mwanangu unataka kuwa rubani?"

Akacheka. "Hapana, mama. Rubani anaiendesha. Mimi nataka kuiunda."

Usiku ule hatukulala mapema. Mimi ni muuguzi, mume wangu ni mwalimu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuikaribia kazi hiyo. Nayaandika haya ili mwenzangu atakayeulizwa swali kama hilo asianzie gizani kama tulivyoanzia sisi.

Kazi tatu zisichanganywe

Kwanza tulijifunza kwamba watu watatu tofauti huitwa "wa ndege". Yupo rubani, ambaye hujifunza kurusha ndege na hupewa leseni kwa saa alizoruka na mitihani aliyofaulu. Yupo mhandisi wa matengenezo, ambaye huikagua ndege, huitengeneza na kutia sahihi kwamba inafaa kuruka. Halafu yupo mhandisi wa usanifu, ambaye hukokotoa umbo la bawa, nguvu ya injini, uzito wa mwili wa ndege, au njia ya setilaiti inapoizunguka dunia. Huyu wa tatu ndiye binti yetu alimtaka. Kila mmoja ana masomo yake, na ada ya mmoja haimfundishi mwingine.

Kutojua tofauti hizo nusura kututie hasarani. Wakala mmoja alituletea barua ya udahili kutoka chuo cha ng'ambo. Karatasi ilikuwa nzuri, yenye picha ya ndege na muhuri mwekundu. Alitupa wiki mbili tulipe. Tulikwisha kumpata mnunuzi wa kiwanja chetu, kile tulichokinunua kwa akiba ya miaka kumi na mmoja. Siku tatu kabla ya kuandikiana na mnunuzi, binti mwenyewe alikaa akasoma orodha ya masomo. Hapakuwa na hisabati baada ya mwaka wa kwanza. Ilikuwa shahada ya usimamizi wa shughuli za viwanja vya ndege. Ni shahada halali na ina kazi zake, lakini haimfanyi mtu kuwa mhandisi. Nilipomuuliza wakala, alijibu kwamba "yote ni mambo ya ndege."

Nani atakitambua cheti?

Sisi wauguzi tunalielewa jambo hili. Unaweza kusoma miaka mitatu na kuvishwa kofia, lakini kama baraza halikukusajili, humgusi mgonjwa. Wahandisi nao wana chombo chao. Tanzania ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kenya nako kuna bodi ya namna hiyo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ndiyo inayotambua shahada za vyuo vya nje. Basi nenda ukaulize kabla ya kulipa, wala usingoje hadi mtoto arudi na cheti mkononi.

Nchi nyingine pia zina wakaguzi wao. Marekani ni ABET. Uingereza, Chama cha Kifalme cha Wanaanga, kilichoanzishwa mwaka 1866, hukagua shahada za fani hii. Tena yapo Mapatano ya Washington ya mwaka 1989, ambayo kwayo nchi wanachama hukubaliana kuheshimu shahada za uhandisi zilizokaguliwa na wenzao. Afrika Kusini imo tangu 1999. Zingatia hili: kinachokaguliwa ni shahada yenyewe. Chuo chaweza kuwa na jina kubwa, na shahada unayoitaka ikawa bado haijakaguliwa.

Vyuo vya jirani

Wengi hudhani kwamba elimu hii iko mbali tu. Sivyo. Huko Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta kina shahada ya uhandisi wa ndege na anga za juu, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya kilichopo Nairobi kina shahada ya uhandisi wa ndege. Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, nacho kinayo. Hapa Dar es Salaam, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha matengenezo ya ndege, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha uhandisi wa mitambo.

Wala anga za juu si jambo geni katika pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa lililosimikwa baharini karibu na Malindi. Mwezi Aprili 2023, Kenya ilirusha setilaiti yake iitwayo Taifa-1 kwa roketi ya Marekani.

Ng'ambo kuna vizuri na vizito

Marekani ina vyuo vyenye maabara bora, lakini mzazi ajue jambo ambalo mawakala hawalisemi. Sheria za nchi hiyo za kulinda siri za silaha na roketi hufanya kazi nyingi za vyombo vya anga za juu zitolewe kwa raia na wenye ukaazi wa kudumu tu. Mtoto anaweza kuhitimu vizuri na bado akakuta mlango umefungwa.

Uholanzi, chuo cha Delft hufundisha shahada hii kwa Kiingereza. Nafasi zina kikomo, wanafunzi huchujwa, na mwisho wa kuomba ni tarehe 15 Januari. Ada ya anayetoka nje ya Ulaya ni mara kadhaa ya ile ya wenyeji.

Ujerumani husifiwa kwamba elimu ni ya bure. Tuliketi tukapiga hesabu. Chuo Kikuu cha Stuttgart, ambacho kinasifika kwa fani hii, hufundisha shahada ya kwanza kwa Kijerumani, na mwanafunzi kutoka nje ya Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula. Mwaka 2025, aliyeomba viza alitakiwa aonyeshe euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka. Jumla ni euro 14,904 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu 44,712, bila nauli wala muda wa kujifunza lugha. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Njia ya ngazi mbili

Hapo ndipo binti yetu alipotuletea habari za Kalpana Chawla. Mama huyo alizaliwa Karnal, India, akasoma shahada ya kwanza ya uhandisi wa ndege huko huko India, akahitimu mwaka 1982. Baadaye ndipo alipokwenda Marekani kwa shahada za juu. Alisafiri anga za juu mwaka 1997, na mwaka 2003 alifariki pamoja na wenzake sita katika ajali ya Columbia. Alianzia nyumbani, na kwa kufanya hivyo hakupotewa na njia.

Uhandisi wa mitambo ni msingi unaokubalika katika vyuo vingi kwa shahada ya pili ya ndege. Tena ufadhili wa shahada ya pili huwa na milango mingi kuliko wa ya kwanza, na mtoto wa miaka ishirini na mitatu hudanganywa kwa shida kuliko wa kumi na tisa.

Kabla hujalipa, uliza haya

Masomo ya kila mwaka ni yapi? Shahada yenyewe imekaguliwa na nani, na hadi mwaka gani? Kuna maabara ya kupima mfano wa ndege kwa upepo, au ni picha tu? Wanafunzi hupelekwa wapi kwa mazoezi ya kazi? Waliohitimu wako wapi leo? Nikishindwa ada mwaka wa pili, itakuwaje? Anayekuharakisha ulipe kabla ya kuyajibu haya, mwogope.

Binti yetu anasoma uhandisi wa mitambo Dar es Salaam. Sitakuficha: alilia siku tulipoamua, na baba yake alitoka nje akasimama uani muda mrefu. Likizo iliyopita alirudi na daftari lililojaa michoro ya mabawa, akanieleza kwa nini ndege haianguki. Sikuelewa yote, lakini nilimsikiliza hadi mwisho. Kiwanja bado kipo. Tumepanda mihogo, tukingojea ngazi ya pili.