Fursa za Ufadhili wa Utafiti wa Bioteknolojia na Uhandisi wa Kibayokemia: Mfano wa Mashudu ya Alizeti Mkoani Singida

Makala haya yanafafanua vyanzo vya ufadhili vinavyoweza kumfaa mtafiti wa bioteknolojia na uhandisi wa kibayokemia anayeshughulikia tatizo la Singida. Hoja yake kuu ni kwamba wingi wa malighafi pekee haumvuti mfadhili; kinachomvuta ni kuwapo kwa mshirika aliye tayari kuyatumia matokeo.

Singida ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa kilimo cha alizeti nchini. Baada ya mbegu kukamuliwa, hubaki mashudu, ambayo huuzwa kuwa chakula cha mifugo. Mbegu zinapokamuliwa pamoja na maganda, mashudu huwa na nyuzinyuzi nyingi, hivyo thamani yake kwa kuku hupungua. Uchachushaji kwa kutumia kuvu au vimeng'enya unaweza kuzivunja nyuzinyuzi hizo. Hata hivyo, kudhibiti unyevu, joto na hewa nje ya maabara kunahitaji majaribio ya gharama kubwa.

Katika ngazi ya taifa, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1986, husimamia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia (MTUSATE). Katika ngazi ya kanda, mpango wa BIO-EARN ulianza mwaka 1999 kwa fedha za Sweden, ukawaunganisha watafiti wa Ethiopia, Kenya, Tanzania na Uganda. Mwaka 2010 ulifuatiwa na Bio-Innovate. Mpango wa kwanza ulijikita katika kujenga uwezo wa watafiti na maabara. Wa pili ulisisitiza bidhaa na ubia kati ya vyuo na viwanda.

Umuhimu wa ubia huo unadhihirika Hale, mkoani Tanga, ambako mtambo wa kuzalisha biogesi na umeme kutokana na mabaki ya mkonge ulizinduliwa mwaka 2008. Ufadhili wake uliwahusisha Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa, Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO), Serikali na kampuni ya Katani. Kampuni hiyo ilikuwa na mabaki, eneo na matumizi ya umeme mahali pamoja.

Hali ya Singida ni tofauti, kwa kuwa mashudu yametawanyika katika mashine nyingi ndogo. Andiko lisiloonyesha nani atayakusanya, kwa bei gani, na nani atanunua bidhaa litakuwa dhaifu hata kama sayansi yake ni thabiti. Hivyo basi, kabla ya kuomba fedha, mtafiti anapaswa kupata makubaliano ya maandishi na wakamuaji, yakiwamo ya mgawanyo wa haki za ubunifu. Ofisi ya mkoa ya Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) inaweza kuwa kiungo. Bila hatua hiyo, matokeo yataishia katika tasnifu, na mkamuaji ataendelea kuuza mashudu yake kwa bei ileile.