Siku chache za Yakobo na likizo ya Mchombe

Wanangu walitaka bahari. Shule zilipofungwa mwezi Juni, binti yangu mkubwa alikuwa ameshapanga kila kitu: twende Bagamoyo, na kama fedha haitoshi basi hata Kigamboni, mradi nao waogelee kama wenzao wa darasani. Nikawaambia mwaka huu tunakwenda Mchombe, bonde la Kilombero.

"Huko kuna ufukwe?" akauliza wa mwisho, mwenye miaka saba.

Nikamjibu upo, tena una mchanga mzuri. Sikumdanganya. Ufukwe wa utoto wangu ulikuwa kingo za Mto Mngeta, pale maji yanapoteremka kutoka milima ya Udzungwa kwenda kuungana na Kilombero. Kila likizo, miaka ya 1980, baba alitupandisha treni ya TAZARA Dar es Salaam. Tulipita hifadhini tukichungulia twiga dirishani, giza likaingia, tukalala tumeegemeana, na usiku tukashushwa Mngeta. Bibi alikuwa pale na kibatari chake, amejifunga khanga mbili kwa baridi. Hakuwahi kukosa hata mara moja.

Likizo ya Juni ilikuwa ya mpunga. Asubuhi tulipanda kwenye dungu kufukuza ndege kwa kelele na mabonge ya udongo. Mchana tulikwenda mtoni. Jioni tulikula wali mpya kwa kambale, wali ambao harufu yake ilikutangulia njiani. Usiku Bibi alisali rozari kwa sauti ya chini, nasi tukasinzia kabla hajafika fumbo la tatu. Imani yangu haikuanza seminari wala kwenye semina ya neno la Mungu. Ilianza kwenye mkeka ule.

Mpunga ule ule ndio ulionisomesha. Baba alipofariki nikiwa kidato cha pili, Bibi aliuza magunia yake mwaka baada ya mwaka mpaka nikamaliza chuo. Nilikwenda kumuaga mwaka 2001, nikiwa nimepata kazi. Nikamwambia, "Nitarudi siku si nyingi, Bibi."

Sikurudi. Ilikuwa kazi, kisha harusi, kisha kiwanja, kisha watoto. Simu za mkononi zilipofika kijijini, aliazima ya jirani na kuniuliza swali lile lile: "Unakuja lini?" Jibu langu nalo halikubadilika: siku si nyingi. Alifariki mwaka 2017, katikati ya masika. Nilisema barabara ni mbaya, na kweli ilikuwa mbaya. Nilisema kazini hawataniruhusu, na hapo sikuwa nimeomba ruhusa. Nikatuma fedha ya sanda na chakula kwa simu, nikajiona nimetimiza wajibu.

Mpendwa msomaji, kuna habari katika kitabu cha Mwanzo ambayo tunaisoma kwa haraka. Yakobo anapomkimbia Esau, mama yake Rebeka anamwambia akae kwa mjomba wake Labani siku chache tu, mpaka hasira ya ndugu yake ipoe (Mwanzo 27:44). Njiani analala Betheli, anaota ngazi, anamwekea Mungu nadhiri kwamba akirudishwa salama kwa baba yake, Bwana atakuwa Mungu wake. Zile siku chache zinakuwa miaka ishirini (31:38). Hata anaporudi nchini haendi moja kwa moja Betheli. Anakaa karibu na Shekemu, ananunua kipande cha shamba, anapiga hema. Huko ndiko balaa linapoikuta familia yake. Mpaka Mungu mwenyewe anamwambia: ondoka, panda uende Betheli (35:1).

Yakobo hakwenda peke yake. Alikusanya nyumba yake yote, akawaambia waondoe miungu ya kigeni, akawaeleza waziwazi wanakwenda wapi na kwa nini: kwa Mungu aliyemsikia siku ya taabu yake. Kwa maneno yetu, aliwapeleka watoto likizo mahali ambapo yeye mwenyewe aliwahi kulala chini, jiwe likiwa mto, akiwa hana kitu. Ni jambo jema. Wengi wetu tunawapeleka watoto mahali tulipofanikiwa. Mahali tulipobebwa tunawaficha.

Lakini angalia kilichotokea Betheli. Madhabahu ilijengwa, na papo hapo kukachimbwa kaburi. Debora, mlezi wa Rebeka, alifariki na kuzikwa chini ya mwaloni, na mti ule ukapewa jina la kilio (35:8). Kuhusu Rebeka, Biblia haisemi popote kwamba Yakobo alimwona tena. Anamkuta baba yake Isaka, Hebroni. Mama aliyesema "siku chache" hatajwi kwenye mapokezi.

Nilikuwa naifahamu habari hiyo tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza. Nilielewa maana yake Mchombe.

Tulikwenda kwa gari: Mikumi, Kidatu, Mang'ula, Ifakara, kisha njia ya Mlimba, tukipita Idete na Mbingu. Niliwasimulia watoto kila kona, lakini nusu ya niliyosimulia haikuwepo. Mashamba ya mpunga yamefika mpaka ukingoni mwa mto. Miti mikubwa niliyoikumbuka imebaki mmoja mmoja. Zamani usiku tulisikia viboko, safari hii tulisikia bodaboda. Bonde hili liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani, lakini watu na mifugo wameongezeka, na kila mtu anahitaji kula. Sikuja kumlaumu mtu. Mimi ni mtoto wa mpunga huo huo.

Nyumba ya Bibi ilikuwa imeanguka, imebaki misingi na mwembe. Mama mdogo, aliyemuuguza Bibi mpaka mwisho, anaishi pembeni. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akawashika watoto wangu vichwa mmoja mmoja, akataja kila mmoja amefanana na nani. Hakunilaumu. Alitupikia. Baada ya kula akasema, "Twende ukamwone."

Kaburi lilikuwa limejengewa kwa saruji, safi, limefagiliwa. Msalaba ulikuwepo. Jina halikuwepo.

Nikauliza kwa nini. Mama mdogo akajibu bila kunitazama, "Tulisema tukungoje wewe uandike, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Mtoto wangu wa mwisho akauliza kwa sauti, kama watoto wanavyouliza, "Baba, kwani ulikuwa huji?"

Nilikuwa na majibu mengi yaliyozoeleka. Nikatazama lile saruji tupu, nikaona nikianza tena habari ya barabara nitakuwa nawafundisha wanangu namna ya kunitenda mimi siku moja. Nikasema, "Nilikuwa siji. Nilikosea. Bibi aliniita nikasema kesho." Mke wangu akanishika mkono. Mama mdogo akajifuta macho kwa pembe ya khanga, kisha akamtuma kijana akatafute saruji.

Jioni ile tulikoroga saruji kidogo, tukapaka upande wa kichwani. Kabla haijakauka, binti yangu, ambaye mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, aliandika kwa msumari jina la ubatizo la Bibi, jina la ukoo na mwaka aliofariki. Mwaka wa kuzaliwa hakuna aliyeujua. Tukasali rozari, na safari hii nilifika fumbo la tano.

Kesho yake tulikwenda mtoni. Mchanga bado upo, mwembamba kuliko nilivyoukumbuka. Mama mdogo alitusindikiza, akatuonyesha mwisho wa kuoga, pale kina mama wanapofulia, kwa sababu ya mamba. Niliwaeleza watoto kwamba maji haya yanaingia Kilombero, Kilombero unaungana na Luwegu kuwa Rufiji, na Rufiji unamwaga baharini, mkabala na Mafia. Wa mwisho akafikiri kidogo, akasema, "Basi hii ni bahari, ila haijafika." Akajitupa majini.

Ndugu yangu katika Kristo, Biblia haisemi kwamba kuchelewa hakuna hasara. Yakobo alichelewa, na mama yake hakurudi. Hilo halikufutwa. Lakini pale pale Betheli, penye madhabahu na kilio, Mungu alimtokea tena akambariki (35:9). Hakungoja Yakobo awe na historia safi. Alingoja aende.

Kwa hiyo, kama kuna mtu kijijini anayekuuliza unakuja lini, usimjibu "siku si nyingi". Mtajie tarehe, kisha uende. Wachukue watoto, hata kama walitaka bahari. Na kama umeshachelewa, kama mimi, nenda hivyo hivyo. Waonyeshe mahali ulipobebwa, uwaambie na ukweli wa uliyemsahau. Huenda kuna saruji tupu mahali inakusubiri wewe uliyesoma.

Mama mdogo aliuliza tulipokuwa tunapakia mizigo, "Mtakuja lini tena?" Nikafungua mdomo. Binti yangu akanitangulia: "Desemba, Bibi. Shule zikifungwa tu."

Nimeshaomba ruhusa kazini.